Beleshi Lililogeuzwa Mwanamke

Nikisema nina hasira kwa sababu ya kitabu, watu hucheka. Kitabu chenyewe hakina kosa. Ni chembamba, hakifiki kurasa mia, kimeandikwa zamani na mtu wa ng'ambo, na kinaeleza maisha ya vibarua wanaohama shamba hadi shamba wakichimba mitaro ya wenye mali. Hasira yangu ni ya yale makaratasi manane yaliyobanwa kwa pini ambayo wanafunzi wetu wa Bunia, huku Kongo, wanayasoma badala ya kitabu. Tena ni hasira ya mtu aliyeyachapa. Aliyeyachapa ni mimi.

Nina kibanda cha kuchapa hapa mtaani Shari, karibu na lango la shule ya sekondari. Ukutani kumeandikwa Secrétariat public kwa rangi ya bluu. Ndani mna kompyuta moja na printa yake, mashine ya kunakili yenye kiburi, na nje kuna jenereta linalopiga kelele mpaka jirani anafunga dirisha. Wazazi wangu walihamia hapa kutoka Butembo kwa biashara ya vitambaa. Biashara ilipokufa, nilibaki na vidole vyepesi na Kifaransa cha kutosha kuandikia watu barua za kuomba kazi, matangazo ya msiba, mialiko ya harusi na malalamiko kwa chefu wa mtaa.

Lakini kazi kubwa ilitoka shuleni, nayo ni silabusi. Kwetu silabusi ni muhtasari ambao mwalimu anautunga, anauchapisha, na kila mwanafunzi lazima awe nao. Asiye nao, mwalimu anamjua kwa sura. Kwa hiyo hakuna anayetafuta kitabu. Kitabu cha nini, na mwalimu ameshakitafuna?

Mwalimu wa Kifaransa alikuwa mtu wa suti ya kahawia na sauti tamu. Alikuja na daftari kuukuu alilonakili alipokuwa mwanafunzi, kutoka kwa mwalimu wake, ambaye naye sijui alinakili wapi. Hakutaka kuliacha daftari kwangu. Alikaa juu ya kiti akanisomea, mimi nikaandika, jenereta likinguruma. Mambo yalikuwa na vichwa vitatu: mada, ishara, wahusika. Chini ya ishara alisoma, "La pelle représente la dignité du travailleur." Pelle ni beleshi, lile la kuchotea udongo. Beleshi linawakilisha heshima ya mfanyakazi.

Mimi nilisikia la belle. Mrembo.

Herufi moja tu. Wala sikushangaa. Wanaume wako mbali na kwao, wanachimba mitaro ya watu, bila shaka kuna mrembo anayewangoja mahali. Nikaandika mrembo anawakilisha heshima ya mfanyakazi. Mwishoni alisoma kwamba beleshi linabaki peke yake ukutani, nami nikaandika kwamba mrembo anabaki peke yake ukutani. Nikamtolea nakala aisahihishe. Alitia sahihi chini bila kusoma, akaomba jina lake tu liongezwe ukubwa.

Tangu siku hiyo hakulifungua tena daftari lake. Alifundisha kutoka kwenye karatasi zangu, miaka mitatu mfululizo. Na kwa kuwa karatasi zilisema kuna mrembo, alimweleza mrembo. Wanafunzi walikuja kwangu kunakili wakibishana kama ni mke au mchumba tu, kama alilia au alivumilia. Msichana mmoja aliniletea mchoro wake, mwanamke mwenye nywele ndefu ameegemea ukuta wa kibanda, akaniomba nakala mbili. Nilimwambia amechora vizuri sana. Nikikumbuka hilo uso unanichoma.

Ndipo akaja yule mtu mzima.

Nilikuwa nikimwona kila asubuhi akipita na sare ya shule, shati jeupe na suruali ya bluu, mtu wa miaka thelathini na kitu, katikati ya watoto waliomfika kifuani. Alikuwa mtu wa Djugu, wa kulima. Vita viliwaondoa shambani, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Mongbwalu, akakaa huko miaka mingi. Akarudi kumalizia masomo yaliyokatika. Préfet, mkuu wa shule, alimpokea darasa la tano la sekondari kwa sharti moja: akianguka katika somo kubwa hata moja, nafasi yake ya darasa la sita hakuna. Na bila la sita hakuna diploma ya serikali, na bila diploma hawezi kwenda kusomea alichotaka. Alitaka kuwa mwalimu. Ningejua ningemwambia achague kitu kingine.

Siku hiyo alikuja na karatasi ya mtihani mkononi na kitabu kisicho na jalada kwapani.

"Mama, bonjour. Niko na barua ya kupiga mu machine. Nitasoma, weye uandike."

"Barua ya nini?"

"Recours. Prof alinipatia zéro mu Kifaransa."

Recours ni barua ya kukata rufaa. Aliniwekea karatasi ya mtihani mbele yangu. Swali lilikuwa: ni ishara gani kuu katika kitabu, na inamaanisha nini? Yeye alikuwa amejibu la pelle, beleshi, kwa nusu ukurasa wa mwandiko uliokaa wima. Kwa wino mwekundu mwalimu alikuwa ameandika kwamba yuko nje ya swali, kwamba ishara kuu ni la belle, na kwamba asome silabusi.

Nilijua papo hapo. Sauti ya mwalimu ilinirudia sikioni, na jenereta nyuma yake.

"Mama, mu kitabu hii hakuna belle," akasema. "Nimesoma mara ine. Kuko baume tu, na bibi mumoja muzee anauzisha mukate. Yule bibi hawezi kuwa belle."

Akacheka peke yake. Kisha akafungua kitabu mahali alipoweka kijiti cha kiberiti, akanionyesha neno kwa ukucha.

"Angalia. Pelle. Yule mutu anatembea na beleshi yake mwenyewe, hata kule bapatron banaleta beleshi yabo. Benzake banamucheka. Juu ya nini anaibeba? Prof anasema dignité. Ni kweli. Lakini mbele ya dignité kuko kitu ingine. Kule mu machimbo, mutu hana beleshi anatumikia pédégé, kisha anatumikia tena mwenye beleshi. Iko na bapatron babili. Mutu mwenye aliandika kitabu hii alijua ile. Mimi niliandika vile, akanipatia zéro."

Pédégé ndivyo wachimbaji wanavyomwita mwenye shimo, na patron ni bwana wa kazi.

Nikaandika barua. Aliisoma polepole kwa Kifaransa alichokipanga usiku mzima, kila neno na heshima yake, mpaka alipofika kwenye sentensi moja akainua kichwa.

"Andika hivi, mama: mutu mwenye alitengeneza silabusi hajashika beleshi hata siku moja. Alisikia beleshi, akafikiri mwanamuke. Andika vile vile."

Nikaandika vile vile. Vidole vyangu viliandika shitaka langu bila kukosea hata herufi. Mara hii sikukosea.

Kitabu kilikuwa cha mwenzake wa machimboni aliyekwenda zake bila kuaga. Jalada lilikuwa limepotea, na kurasa mbili za mwisho zilivutwa na watu waliokosa karatasi ya kusokotea tumbaku. Kwa hiyo yeye, aliyekisoma mara nne, hakujua kinaishaje. Alipokuwa akinisubiri nimalize alifungua silabusi mpaka mwisho, akasoma kwa midomo kwamba mrembo anabaki peke yake ukutani.

"Kumbe ni beleshi," akasema. "Basi mwenyewe alikufa. Na hakuna mutu aliichukua."

Akaitazama ile karatasi kama tangazo la msiba. Neno ukuta lilimkumbusha jambo, akanieleza huku printa ikichapa. Mwaka wake wa kwanza shimoni hakuchimba. Kazi yake ilikuwa kuangalia ukuta wa shimo, kwa sababu udongo ukilowa huanza kupasuka kwa ufa mwembamba, na walio chini hawauoni. Anayeuona anapiga kelele. Hata akikosea. Watu wote wanatoka, kazi ya siku inaharibika, pédégé anatukana, lakini hakuna anayemgusa aliyepiga kelele.

"Na yule anauona ufa anakaa kimya juu ya kuogopa pédégé?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Hatumupigi," akasema. "Hatumusemeshi tena. Anakula peke yake mpaka anaenda."

Karatasi ya mtihani aliibana kwenye barua, lakini ilihitajika pia nakala ya ukurasa ule wenye beleshi. Mashine ya kunakili ilikuwa imegoma siku hiyo, kweli iligoma. Akaniachia kitabu. Akasema mashine ikipona ninakili ule ukurasa na kuupeleka mwenyewe kwa préfet, maana mimi huingia ofisini kwake kila wiki. Alinishukuru mara tatu. Alinishukuru mimi.

Mashine ilipona baada ya siku mbili. Nilinakili ukurasa, ukatoka safi kabisa, beleshi linasomeka. Nikautia kwenye droo.

Nilijiambia naupeleka kesho. Kesho yake alikuja mwalimu na ile barua ya rufaa mkononi, akitikisa kichwa.

"Mama, uliona huyu muchimba zahabu?"

"Prof," nikamwambia, "labda ni pelle kweli. Siku ile jenereta ilikuwa na kelele."

Nilimwona anaelewa, uso mzima, na nikafikiri sasa mambo yamekwisha, atakwenda kusahihisha. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia akinisomea.

"Weye ndiye uliandika, mama. Unataka niende niseme kwa préfet miaka tatu nilifundisha kosa yako? Banafunzi makumi ine banasema belle, mumoja anasema pelle. Tutarekebisha mwaka kesho, pole pole." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Mitihani ya mwisho wa mwaka mutachapa hapa, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Hivyo tu. Hakunishika koo. Hakunitisha kwa polisi wala kwa uchawi. Aliniuliza kama nataka kazi, nikasema ndiyo, na ukurasa ukabaki kwenye droo. Watu wanaponiambia sikuwa na njia nyingine nawachukia kidogo. Njia ilikuwepo, ina hatua mia hivi kutoka kibandani hadi ofisi ya préfet, na naijua hata nikifumba macho.

Rufaa ilikataliwa. Siku ya matokeo walisimama uani, majina yakasomwa, na lake halikusomwa. Baadaye alipita kwangu. Hakuwa na sare. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa sukari uliofungwa kwa kamba, na nje mtu wa pikipiki alikuwa akimngoja. Beleshi lilikuwa limefungwa kando ya pikipiki, mpini wake umelainika kwa kushikwa. Mpaka saa ile sikuwa nimejua kwamba alilitunza muda wote aliokuwa shuleni.

"Mama, ile page ilifika?"

"Machine ilikataa," nikasema.

"Si kitu. Machine ni machine. Kitabu ubaki nacho, nitarudia kukichukua."

Akapanda pikipiki. Nilirudi ndani, nikachapa mwaliko wa harusi, nikaukosea mara tano.

Ningekaa hivyo hivyo, naona. Ningezoea. Mtu huzoea mambo mabaya kuliko hayo, na hapa kwetu tumezoea mengi. Aliyenivuruga ni mwalimu mwenyewe. Kabla ya mwaka mpya wa shule alikuja na silabusi tusahihishe kama alivyoahidi. Alikaa kwenye kiti, akarekebisha suti. Futa belle, weka pelle, hapa na hapa na hapa. Nikafuta, nikaweka. Kisha akasema tuongeze maelezo, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, na kwa ile sauti yake tamu akaanza kusoma: kibarua anayeazima beleshi ana mabwana wawili, yule mwenye shamba na yule mwenye beleshi, na ndiyo maana mhusika wetu anabeba la kwake.

Niliacha kuandika. Nilinyosha shingo nikaitazama karatasi. Ilikuwa ile ya mtihani. Ule mwandiko wima ulikuwa palepale, na wino mwekundu wa mwalimu ukipita juu yake.

"Andika, mama," akasema.

"Hii ni ya yule mutu."

"Mutu gani?"

Nilizima kompyuta bila kuhifadhi chochote. Sijawahi kumfukuza mteja, lakini siku hiyo nilimwambia mwalimu wa watu atoke kibandani mwangu na suti yake, na nilimwambia kwa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia kinywani mwangu. Alimnyima mtu nafasi kwa jibu lile, sasa anataka kulichapa chini ya jina lake kwa herufi kubwa, ili wengine walikariri. Nikatoa ukurasa kwenye droo, nikachukua na kitabu, nikazitembea zile hatua mia.

Préfet alisoma ukurasa. Akasoma silabusi. Akacheka mpaka akavua miwani, mrembo ukutani, miaka mitatu. Nikangoja amalize. Nikamwambia kosa la kuandika ni langu, kosa la kutosoma ni la mwalimu, na zéro ile si haki.

"Ni kweli, mama," akasema. "Lakini bulletins za matokeo zilisha kupigwa muhuri. Darasa ya sita imejaa. Na yeye mwenyewe iko wapi?"

"Alirudi machimboni."

"Unaona," akasema, na kunirudishia kitabu, kana kwamba kule kuondoka kwake ndiko kulikomaliza shauri.

Shule inachapa mahali pengine sasa. Sitaki sifa kwa hilo. Nilisema wakati kusema hakukuwa na faida kwangu wala kwake.

Kwa kuwa kazi imepungua, nimekisoma kitabu, chote kilichobaki. Silabusi inataja wahusika watatu, wote vibarua. Yule bibi muuza mkate hayumo, wala mwalimu hakuwahi kumtaja. Mimi ningemweka wa kwanza. Kila asubuhi anakwenda mtaroni na kikapu. Anajua tangu mwanzo kwamba mwenye shamba lile huwafukuza vibarua siku moja kabla ya malipo, ameona makundi na makundi yakienda mikono mitupu. Haambii mtu. Anawauzia mkate, anawaombea heri, na anapokea sarafu zao. Mwandishi hamlaumu popote. Anamwandikia mistari michache tu, kikapu chake, kitambaa chake, salamu zake, na mtu anaweza kuipita bila kuiona. Mimi nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa.

Namba ya simu ya yule mwanafunzi niliipata kwa mtu wa pikipiki. Nilipiga siku kadhaa bila kumpata, kisha adhuhuri moja akapokea. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, upepo ulikuwa unapiga ndani ya simu. Alifurahi. Aliuliza habari za watoto wangu, akauliza kama kitabu hakijalowa mvua. Nikamweleza yote bila kupumua: pelle na belle, jenereta, kiti, suti, karatasi iliyokunjwa, préfet na kicheko chake. Nilimwambia kwamba jibu lake lilikuwa sawa. Nilifikiri angependa kusikia hilo.

"Mama, siku ile nilikuwa nakusomea barua, weye ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Upepo ulikuwa mwingi, ningeweza hata kukata na kusingizia mtandao.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa najua."

"Na machine? Ilikataa?"

"Hapana. Ilipona. Page iko hapa."

Nilisikia watu wakiitana chini huko aliko, na mtu akikohoa. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Sawa, mama," akasema. "Basi weye uliona ufa."

Akakata. Kitabu bado kiko juu ya mashine, nimekifunga kwenye plastiki kisiingie vumbi. Nampigia kila Jumapili, siku ambayo hawachimbi. Simu inaita mpaka mwisho. Kwa mtu wa pikipiki nimeulizia kama labda amebadilisha namba, akaniambia hapana, namba ni ileile, na wengine wote anawajibu.